Pengo lililomo kwenye kaseti ya babu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KEYA, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), akapigana na Wajapani kule Bama (Burma). Hakutusimulia vita hata siku moja, ila alikuwa na wimbo aliopenda kuuimba akishona nyavu. Mwaka 1991 mjomba alimrekodi kwenye kaseti. Lahani inafanana na dansi za zamani za redioni, na maneno tunayoyasikia ni haya:

Mvua ya Bama haina wingu,
yatoka chini yapanda juu;
si mto huu, ni njia yangu,
nipe mkono, nitoe guu.

Anaurudia ubeti huo mara tatu, na kila akimaliza kanda inanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Binamu yangu anataka kuyakata hayo mapengo kwenye kompyuta ili wimbo utoke vizuri ukoo ukikutana Desemba. Nyanya, ambaye bado tunaye, anasema babu alikuwa akiuimba na rafiki yake wa Mtongwe, askari mwenzake aliyefariki 1988. Babu akifika mwisho, rafiki anajibu "Sina mkono", kisha wote wawili wananyamaza na kahawa yao. Je, hii ni kumbukumbu ya kweli ya vita au ni utani wa kambini? Mbona hamna mapigano ndani yake? Tena mjomba anashikilia kwamba babu alikuwa kwenye ile meli iliyozamishwa 1944. Wimbo unaweza kulithibitisha hilo? Mjukuu, Likoni.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, mwambie binamu yako asikate kitu.

Nimeisikiliza sehemu uliyonitumia usiku, mji ulipotulia na matatu zimeacha kupiga honi hapa chini. Nimeirudia hata mke wangu naye sasa anaujua wimbo. Kwenye pengo la kwanza babu yako hajanyamaza kabisa. Kuna kidole kinachogonga mbao, pengine mkono wa kiti: ta, ta, ta-ta. Mdundo huo ndio unaopita chini ya maneno tangu mwanzo, na kwenye pengo unaendelea bila kukosea. Kanda iliyoharibika inapoteza sauti yote. Hii imepoteza maneno tu.

Kisha nikapima urefu wa pengo kwa mdundo wenyewe. Ni sawasawa na nusu ya mstari. Kila mstari wa ubeti huu una mizani kumi, tano na tano. "Nipe mkono" ni tano, "nitoe guu" ni tano. Sasa hesabu jibu la rafiki wa Mtongwe: si-na-m-ko-no. Tano. Mapengo yote matatu yanalingana hivyo. Babu yako mwaka 1991 alikuwa akiimba na mtu aliyekuwa kaburini miaka mitatu, na alimwachia nafasi yake kila mara, kamili, bila kumwibia hata mizani moja.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukata mapengo ya namna hiyo. Miaka ya tisini nilikuwa nikizunguka Kisauni, Rabai na Kaloleni na kinasa sauti begani, nikitafuta wazee wa KEYA. Betri zilikuwa ghali, kaseti zilikuwa ghali, na nilipokuwa nikinakili nyimbo nyumbani nilisimamisha kanda kila mzee alipotulia, nikaianzisha tena alipofungua kinywa. Nilidhani nahifadhi. Nakala zile ninazo mpaka leo na hazina maana ninayoitaka sasa, kwani huwezi tena kujua nani alikuwa akingojwa wapi. Kosa lingine lilikuwa kuwakalisha wazee peke yao na kuwauliza, "Nisimulie vita." Walinipa tarehe, majina ya maofisa, bei ya sigara. Mzee mmoja wa Rabai alinijibu hivyo kwa siku mbili. Siku ya tatu akaja hirimu yake kuazima jembe, akasimama mlangoni, na wakaanza kuimba kabla hawajamaliza kuamkiana.

Nyimbo za askari ziko hivyo, hazina mwimbaji mmoja. Anatanguliza mmoja, wengine wanaitikia. Ndivyo tunavyoimba kwenye kazi yoyote ya mikono mingi, kuvuta jahazi pwani au kutwanga, na jeshi la Mwingereza liliikuta desturi hiyo likaitumia kutembezea watu. Chukua wimbo wa KEYA uliojulikana kuliko zote, ule wa kufunga safari. Unauliza: amri ya nani? Na waitikiaji wanajibu: amri ya Bwana Kapteni, amri ya KEYA. Jeshi liliupenda kwa sababu ya jibu. Lakini nilipowasikia wazee wakiuimba uzeeni niliona wanalikalia lile swali. Mtu wa miaka sabini, mguu umevimba, anauliza hewani "amri ya nani?" na sauti haipandi kama ya gwaride. Maneno ni yale yale ya 1944. Anayeyasema ndiye aliyebadilika, na sasa hana wa kumwitikia isipokuwa ukuta.

Mombasa haikungoja vita vya Bama kujua mambo haya. Ngoma ya beni ilizaliwa mwambao huu miaka ya 1890: vijana waliona bendi za kijeshi na za manowari, wakatengeneza zao, na tarumbeta, na sare, na vyeo, kila kundi likiwa na mfalme wake na majenerali wake. Hapa mjini walikuwapo Kingi na Skochi. Walishindana kwa gwaride na kwa maneno. Vita vya 1914 vikaisambaza beni hadi maziwa makuu na Nyasa, kwa miguu ya askari na ya wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa tumbo na homa kuliko risasi. Kwa hiyo kijana wa pwani aliyeandikwa KEYA miaka ya arobaini aliingia kambini na nyimbo za kijeshi za mjomba wake tayari kichwani. Zile sanamu za askari pale Mwembe Tayari, unazozipita ukienda stesheni, ni za vita hivyo vya kwanza. Watu wengi wanadhani ni za Bama.

Sasa tuurudie wimbo wenyewe, maana una mengi.

Lugha kwanza. Amri za KEYA zilitolewa kwa Kiswahili cha jeshi, Kikeya, ambacho kilipaswa kueleweka na Mkamba, Mluo, Mnyamwezi na Mnyasa kwa pamoja. Kikeya kisingesema "yatoka chini yapanda juu", kingesema "inatoka chini inapanda juu". Kisingesema "guu", kingesema "mguu". Tena nyimbo za kutembea za jeshini hazijali sana vina, zinajali hatua. Huu una vina vya kupokezana, wingu na yangu, juu na guu, na mizani haikosei mahali. Huyu ni mtu wa pwani anayesema na mtu wa pwani. Ama ulitungwa na watu wa kwetu waliokaa hema moja, ama ulitungwa kule ukaja kunyooshwa nyumbani, kwenye kahawa, na watu wawili waliokuwa na miaka arobaini ya kuufanyia kazi. Mimi naelemea la pili. Wimbo uliotungwa matopeni haupati nafasi ya kupigwa msasa namna hii.

Kumbukumbu yenyewe ni ya kweli, tena ya kweli kiasi cha kunishtua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw mwezi Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, India. Walishuka kusini kutoka Tamu hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, wakafika mwanzoni mwa Desemba. Bonde hilo Waingereza walikuwa wakiliita bonde la mauti kwa sababu ya malaria na tifasi ya vichakani. Barabara ilikuwa udongo, na mvua ikaigeuza uji. Magari yalizama. Watu walikata miti wakailaza kwenye tope ili gurudumu lipate pa kukanyaga, na siku ya pili miti nayo imezama. Majeruhi walibebwa na watu kwa machela.

Soma tena ubeti ukijua hayo. "Mvua ya Bama haina wingu": ndani ya msitu ule huoni mbingu, majani yamefunga, hujui mvua imeanza saa ngapi. Huambiwi na wingu kama hapa, ambapo unaliona likitoka baharini ukaanua nguo. "Yatoka chini yapanda juu": unalowa kuanzia viatu, maji yanakupanda magoti, kiuno. "Si mto huu, ni njia yangu": hilo ni jibu kwa mtu aliyeuliza kama wamefika mtoni. Sikuongezea kitu hapo. Mtu aliyekuwa kwenye barabara ya Tamu angeyatambua maneno haya mara moja, na mtu ambaye hakuwapo asingeweza kuyabuni, kwani angeweka mizinga.

Umeuliza mbona hamna mapigano. Sisi Waswahili tuna chombo cha kusimulia mapigano, nacho ni utenzi. Shaaban Robert, ambaye hakuwa askari, aliitungia vita ya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, na anayetaka majeshi na miji iliyoanguka aende huko. Tuna pia mashairi ya kabla ya vita, ya kuchokoza na kutia watu hamasa, na mji huu ulikuwa na bingwa wake, Muyaka bin Haji, wakati wa Mazrui na Seyyid Said. Wimbo wa babu yako si wa huku wala si wa kule. Huo ni wa watu wawili wanaojua tayari kilichotokea, hivyo hawana haja ya kuambiana. Wanachohitaji ni kukutana pale tena kwa dakika moja na kutoka wakiwa wazima.

Ndipo tunafika kwenye "Sina mkono". Nimekaa na maneno hayo mawili mchana kutwa, na naona yanaweza kusomwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kazi: mbeba machela mikono yote miwili imeshika. Mwenzake amenasa topeni, anamwita, naye hawezi kumsaidia ila amwangushe majeruhi. Ya pili, aliyeitwa alikuwa yeye ndiye majeruhi. Ya tatu ni ya Kiswahili cha kila siku, ambapo mkono ni msaada na uwezo: sina cha kukupa, mkono mtupu haulambwi, hata mimi nimezama. Mtu wa Mtongwe alipojibu kwenye kahawa huenda alikuwa akiyasema yote matatu. Usimlazimishe nyanya achague. Muulize swali dogo tu: yule rafiki akijibu, alikuwa akicheka au hacheki? Na mikono yake alikuwa akiiweka wapi? Wake za askari waliona mambo mengi ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nawe usilitenganishe neno "utani" na neno "kumbukumbu" kama ulivyofanya kwenye swali lako. Wale wawili walikuwa watani, naamini. Utani wa watu waliozikana na kubebana una ruhusa ambayo mimi na wewe hatuna. Aliyeitwa kwa msaada akashindwa kuutoa, anaambiwa hilo usoni kila wiki kwa miaka arobaini, kwa wimbo, na anajibu, na kahawa inaendelea. Sijaona namna ya upole zaidi ya kulibeba jambo kama hilo.

Kuhusu meli. Mjomba wako anaizungumzia Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944, katika msafara wa meli uliokuwa ukielekea Colombo. Ndani mlikuwa na watu 1,511, zaidi ya 900 kati yao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldives, na haikuchukua dakika mbili kuzama. Walikufa 1,297. Wewe unavuka feri kila siku juu ya maji walimopitia wakitoka, na hakuna kibao kinachokuambia.

Waliookoka walikuwa 214. Babu yako anaweza kuwa mmoja wao, lakini wimbo hauwezi kulisema hilo, kwani ni wa njia na tope na hauna bahari hata tone. Mvuvi wa Likoni aliyenusurika kwenye kuzama kwa namna ile, halafu akatunga wimbo wa maji yanayopanda bila kuitaja bahari? Inawezekana, moyo wa mtu una vyumba, ila nisingejenga juu yake. Nimeona koo nyingi zikimpandisha mzee kwenye meli ile, kwa sababu ni tukio lenye jina, na tope halina jina. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, kile chenye namba na kikosi. Kikisema mizinga, kikosi cha 301, mjomba ana hoja. Kikitaja batalioni ya KEYA ya waenda kwa miguu, babu alikwenda kwa meli nyingine. Tazama pia kama kuna nishani: Nyota ya Bama ni ya shaba, ina ncha sita, utepe wake ni wa buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya machungwa pembeni. Usishtuke ukiigeuza nyuma ukakuta haina jina. Nyota hizo walipewa wanajeshi wa Uingereza na wa makoloni yake bila kuchorwa majina.

Jambo moja kuhusu lahani. Uliniambia inafanana na dansi za zamani za redioni. Hilo halinishangazi na wala halishushi thamani ya wimbo. Jeshi lilikuwa na kikundi cha kuwatumbuiza askari, na ndani yake alikuwemo kijana wa pwani hii hii, Fundi Konde, aliyefika India na Bama kisha akarudi kuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Kenya. Askari walichukua sauti yoyote iliyokuwa karibu, ya dansi, ya beni, ya kanisani, wakatia maneno yao. Lahani inaweza kuwa ya miaka ya hamsini na tope likabaki la 1944.

Sasa kaseti yenyewe, na hapa nakusihi ufanye haraka. Usiipige tena kwenye redio ya nyumbani. Kwenye ukingo wa juu wa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunje kwa ncha ya bisibisi ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kama utepe umelegea ndani, ingiza kalamu ya risasi kwenye tundu uzungushe polepole mpaka ukaze. Iweke kaseti mbali na spika, maana sumaku yake huila sauti, na mbali na joto la dirishani. Kisha mpelekee fundi mwenye deki nzima, aingize kwenye kompyuta upande A na upande B, mwanzo hadi mwisho, kwa faili la WAV, bila kusafisha mavumo na bila kuruka mahali. Humo kwenye mavumo kuna kidole cha babu. Hiyo ndiyo nakala mama, haiguswi. Binamu akitaka kuchezea, achezee nakala nyingine.

Kisha umrekodi nyanya. Usimrekodi peke yake, na usimwambie "nisimulie". Mkae barazani jioni, kahawa iwepo, umpigie nakala kwenye simu na umwache. Yeye ndiye mtu pekee aliye hai anayeijua sauti iliyokuwa ikijaa pale. Akiitikia mwenyewe, alhamdulillahi. Akikaa kimya, acha kinasa kiendelee.

Desemba ukoo ukikutana, upigeni wimbo kama ulivyo. Na ukiuandika kwenye daftari la ukoo usiishie "nitoe guu" kama ulivyoniandikia mimi. Teremka mstari, andika "Sina mkono", na pembeni jina la mtu wa Mtongwe, kama nyanya analikumbuka.